Nyoka Aliyejificha Yuko Nyumbani

Siku nilipokabidhi funguo za bustani ya nyoka, vijana walionipokea waliniuliza jambo moja kabla hata sijavua koti la kazi: "Mama Neema, mbona chatu haonekani? Au unaondoka naye?" Nikawaambia watulie, wasubiri. Sikuweza kuongeza neno kwa sababu pikipiki ya kunirudisha nyumbani ilikuwa inaunguruma getini, na mwenye pikipiki hana subira ya nyoka. Sasa nimepumzika, miguu iko juu ya kigoda, nawaandikia jibu lililobaki. Ni refu kidogo, mnisamehe.

Mimi niliingia kazi hii kwa mlango wa jikoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa sabuni na vitenge baada ya miaka ya kupanga foleni, na Tunduma inaota vibanda kama uyoga. Malori ya kwenda Zambia yalijipanga barabarani kusubiri kuvuka. Madereva walikula, wakalala, wakaamka, wakakuta foleni haijasogea. Mzee Simchimba, aliyekuwa na hoteli karibu na mpaka, aliwatazama akaona biashara. "Dereva anayesubiri," alisema, "ana macho mawili na hana la kuyafanyia." Akajenga vibanda nyuma ya hoteli, kioo mbele na wavu juu, akahangaikia kibali mpaka akakipata, akaweka nyoka.

Mimi nilikuwa naosha masufuria. Mtunzaji wa kwanza alivuka mpaka kwenda Nakonde kwenye harusi, na nadhani harusi hiyo bado inaendelea, maana hakurudi. Mzee akanipa funguo mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Kwa sababu wewe ukiona panya jikoni hupigi kelele."

Siku yangu ya kwanza nilipiga kelele.

Nilikwenda asubuhi na ndoo ya maji kwenye kibanda cha chatu, nikakuta hakuna chatu. Kulikuwa na beseni la maji, majani makavu na chungu kikuukuu kilichobomoka mdomo, kimelazwa kifudifudi. Chatu mwenyewe alikuwa jike, mnene kama paja la mtoto, madereva walimwita Bibi. Nikatazama pembe zote. Nikatazama wavu. Kisha nikakimbilia hotelini nikasema chatu ametoroka. Maneno hayo ukiyatamka mahali watu wanapokunywa chai, usitegemee watamaliza chai. Watu walipanda mezani. Dereva mmoja Mbemba alikimbilia lori lake, akapandisha vioo, akawa ananiuliza kupitia upenyo mdogo, "Bamayo, insoka ili kwi?" Yaani nyoka yuko wapi. Ningejua alipo ningekuwa nahema vile?

Hapo ndipo alipofika Masanja na baiskeli yake. Masanja alikuwa Msukuma wa mabondeni Momba, mbele ya Chitete, ambako ndugu zake walihamia na ng'ombe wao. Baba yake alikuwa mcheza ngoma ya nyoka kule Usukumani, na yeye alikua analala chumba kimoja na vikapu vya nyoka. Mzee Simchimba alikuwa amepatana naye awe anakuja mara kwa mara kuwakagua nyoka na kumfundisha mtunzaji. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, asiyeharakishwa na kitu.

"Mayu, umemtafuta wapi?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma chake.

"Kila mahali."

"Na chini ya chungu?"

"Chungu kile kidogo! Chatu ataingiaje mle?"

Akaingia kibandani, akakiinua chungu upande mmoja kama mama anayechungulia wali. Bibi alikuwa mle, amejikunja kama ngata, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole kati yake na ukuta wa chungu. Masanja akakirudisha taratibu.

"Wewe ukilala unajifunika blanketi," akaniambia. "Unamficha nani?"

"Simfichi mtu. Nasikia raha."

"Basi na yeye. Nyoka hataki nyumba kubwa. Anataka ukuta umguse mbavu huku na huku, ndiyo anajua hakuna wa kumjia kwa nyuma. Nyoka aliyejificha yuko nyumbani. Ukimwona anazunguka mchana kutwa, huyo ndiye wa kukutia wasiwasi."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kusema kweli mengine yote yalikuwa matawi yake. Nyoka mgeni hujificha kwa siku nyingi. Mpe maji, mpe giza, usimshike, wala usimpe chakula haraka. Akikaribia kujivua gamba macho yake huwa kama yamemwagiwa maziwa, haoni vizuri, atajificha. Akishiba atajificha. Baridi ya Juni ikishuka, nayo hapa kwetu mnaijua, atajificha. Mwekee maficho mawili, moja upande wenye joto na jingine upande wa ubaridi, asije akalazimika kuchagua kati ya kupata joto na kuwa salama. Kibanda cha Bibi kilipakana na ukuta wa tanuri la mikate, na huko ndiko nilikoweka chungu cha pili. Wa kumhofia ni yule anayehema kinywa wazi, au mwenye mapovu mdomoni, au anayelala ndani ya beseni la maji siku baada ya siku. Huyo wa mwisho mkague chini ya magamba, mara nyingi ana utitiri. Lakini kujificha peke yake si ugonjwa. Nimetumia nusu ya maisha yangu ya kazi kuwaambia watu sentensi hiyo moja.

Wa kwanza kutoisikia alikuwa mwajiri wangu. Wageni walilalamika kwamba wanalipa kiingilio kuona chungu. Madereva, ambao hawakosi neno, wakaanza kutuita bustani ya vyungu. Siku moja Mzee Simchimba akaingia mwenyewe na kutoa maficho yote, akayapanga nje kama mfinyanzi anayengoja wateja. Masanja hakuwepo, mvua ilikuwa imeharibu njia za mabondeni.

Mwanzoni Mzee alifurahi. Bibi alitembea kutwa mbele ya kioo, wageni wakashangilia. Mimi sikufurahi. Alikuwa anasukuma pua kwenye wavu, pale pale, mpaka ngozi ikachubuka na damu ikaonekana. Nilimwekea kuku, hakumgusa. Kuku yule alikaa kibandani hadi akazoea, akaanza kumpanda Bibi mgongoni kama anapanda kichuguu. Wageni walicheka sana. Mimi nilikuwa naingia jikoni nageukia ukutani nisione.

Masanja aliporudi alimtazama Bibi pua, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mzee.

"Mzee, wewe ukifungiwa ndani ya kioo, uchi, katikati ya stendi, utakula?"

"Mimi nikifungiwa uchi hakuna atakayelipa kiingilio," Mzee akajibu. Lakini aliacha kucheka alipoona kwamba mwenzake hacheki. "Sasa nifanye nini, Masanja? Watu wanataka kuona. Na hawa wafanyakazi wanakula kutokana na watu hao."

Walizungumza mpaka sauti zikapanda, na Masanja akafunga mzigo wake kwenye baiskeli. Nilijua akiondoka vile hatarudi. Nikasema, na sijui hata wazo lilitoka wapi, labda kwenye kukata maboga: tukate chungu katikati, upande uliokatwa tuubane kwenye kioo. Nyoka ataona yuko ndani ya chungu, na mtu aliye nje atamwona kupitia kioo. Halafu kwa nje tutundike kipande cha kanga kama pazia. Anayetaka kuona afunue, atazame, afunike.

Masanja aliufungua mzigo wake. Chungu cha kwanza kilituvunjikia. Cha pili tulikikata kwa msumeno wa chuma, taratibu, huku nikimwagia maji. Bibi aliingia mchana ule ule. Kula alichukua muda, na alama ya pale puani ilibaki, lakini alikula. Jambo ambalo hatukulitegemea ni kwamba wageni walipenda zaidi. Mtu akifunua pazia anashusha sauti bila kuambiwa. Nimewaona madereva wenye midomo kama honi wananong'ona.

Katika wageni hao alikuwamo kijana wa Itumba, Lusekelo. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kila alipotumwa Tunduma kununua nyuzi na vishikizo, alipitia kwetu. Alikuwa na nyoka wake nyumbani, mmoja wa wale wadogo wa kahawia wasio na sumu wanaofuata panya maghalani. Alimkuta kwenye ghala la mahindi la mama yake akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, akamlea, akamwita Karani kwa sababu, alisema, anakaa ndani siku nzima na huoni anachofanya. Habari za kibali chake sikumuuliza. Aliniuliza mengi, nami nilipenda maswali yake, kwani hakutaka kujua nyoka anauma vipi, alitaka kujua analala vipi.

Siku moja alikuja na begi kubwa. Alikuwa anavuka, anakwenda Sauzi kutafuta maisha kama wenzake.

"Mama Neema, Karani nimemwachia mama," akasema. "Anamwogopa. Ukipata nafasi upite umwangalie."

"Nimwangalie nani, nyoka au mama?"

Akacheka. "Wote wawili."

Akatembea kwa miguu kuelekea Nakonde, begi begani. Sikujua kwamba nitalikumbuka begi lile.

Muda mrefu ulipita. Masanja alikuwa amehamia na ng'ombe wake upande wa Rukwa, bustani nikawa naiendesha peke yangu. Ndipo dereva wa gari la Itumba akaniletea salamu: Mama Lusekelo anasema Karani anakufa, njoo.

Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, kupitia Mpemba na kupanda milima, ukungu umekaa juu ya mashamba ya kahawa. Mama Lusekelo nilimkuta kwenye cherehani yake sebuleni. Tulilingana umri, tukaitana dada tangu siku ile. Pembeni ya cherehani, juu ya meza ile ile, aliweka sanduku la kioo la Karani. Ndani mlikuwa na bakuli la maji tu. Nyoka alikuwa amejisokota kwenye pembe, kichwa amekichimbia chini ya mwili wake mwenyewe.

"Maficho yake yako wapi?" nikauliza. "Lusekelo hakumwekea kitu?"

"Alimwekea nusu ya kibuyu. Nimekitoa ili nimwone."

"Anakula?"

"Hali. Tangu Lusekelo aondoke amekula mara chache, kisha akaacha kabisa. Na mimi namhudumia, dada, Mungu anaona. Asubuhi kabla sijawasha moto namtoa nione kama anapumua. Mchana namtoa. Jioni namtoa."

"Si nilisikia unamwogopa?"

"Namwogopa sana. Najifunga kitambaa mkononi, nasali, namtoa."

Sikujua nicheke au nifanye nini. Nikamuuliza kama Lusekelo amepiga simu. Siku hizo simu za mkononi zilikuwa zimeanza, ila Itumba ulikuwa lazima upande kilimani upate mtandao, na yeye alikuwa akipanda kila Jumapili baada ya ibada na simu ya jirani. Alikanyaga cherehani kidogo, akashona mahali palipokwisha kushonwa.

"Hajapiga," akasema. "Wengine wanasema yuko Lusaka. Wengine wanasema amefungwa. Wengine wanasema hayupo tena. Akipiga, ataniuliza habari za nyoka wake. Nitamwambia nimemuua?"

Nilimwambia aendelee kushona, kisha nikauchukua mkono wake mmoja nikauweka juu ya meza, karibu na kioo. Meza yote ilikuwa inatetemeka.

"Yeye hana masikio kama yetu," nikasema. "Hii anaisikia kwa mwili mzima, kutwa. Na taa, na watu wanaoingia, na mkono unaomshika. Hana pa kwenda, ndiyo maana anajificha ndani ya nafsi yake. Chumba gani humu kimetulia?"

Alizungusha macho sebuleni. Kisha akaonyesha kwa kidevu mlango uliokuwa umefungwa. "Cha Lusekelo."

"Tumhamishie humo. Turudishe kibuyu, tufunike kioo, na wewe usimtoe tena."

"Humo sitamwona."

"Ndiyo dawa yenyewe, dada."

Aliacha kushona. "Wewe una mtoto aliyepotea?"

"Sina."

"Basi usiniambie mimi kwamba kutokuona ni dawa."

Nilikuwa nimezoea kubishana na madereva, na mwenye hoteli, na maofisa waliokuja kukagua vibali. Huyu sikubishana naye. Nilitoka nje nikasimama uani. Kuhusu nyoka nilikuwa sahihi, nilijua hivyo, na usahihi wenyewe haukunisaidia chochote. Pembeni ya ukuta kulikuwa na fungu la mchanga wa mtoni, uliobaki kwenye ujenzi wa choo. Nikarudi ndani nikamuomba chekecheke yake ya unga.

"Ya nini?"

"Nataka umwone bila kumtazama."

Tulichekecha mchanga mpaka ukawa laini kama pumba za mahindi. Tukafungua chumba cha Lusekelo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kofia yake ikining'inia msumarini, na mama yake akapita pale kama mtu apitaye kanisani. Upande mmoja wa chumba ulipakana na jiko, ukuta una uvuguvugu, na huko ndiko tulikolielekeza sanduku. Tukamwaga mchanga, tukausawazisha kwa kipande cha boksi. Tukaweka kibuyu upande wa joto na kijisanduku cha mbao upande wa pili. Karani tulipomshusha hakusubiri kuambiwa. Aliingia kwenye kibuyu, mkia ukafuata, kwisha. Tukafunika kioo kwa mabaki ya vitenge.

"Asubuhi funua upande mmoja, tazama mchanga tu," nikamwambia. "Kibuyu usikiguse."

Nililala kwake. Alfajiri nilisikia mlango ukifunguliwa, kisha sauti yake: "Dada! Njoo uone!"

Juu ya mchanga kulikuwa na mstari, kama mtu ameburuta uzi mzito. Ulitoka mlangoni mwa kibuyu, ukapinda hadi kwenye bakuli la maji, ukazunguka bakuli, ukarudi. Mama Lusekelo aliinama juu yake muda mrefu sana.

"Alikwenda kunywa," akasema. "Alikwenda kunywa, akarudi zake." Akaketi kwenye kitanda cha mwanawe, akalia, na mimi nikaketi naye mpaka akanyamaza.

Baadaye yule dereva aliniletea salamu nyingine, akiitamka kama kasuku aliyefundishwa: "Mama Lusekelo anasema Karani amekula, panya mzima, na yeye mwenyewe siku hizi anakula."

Lusekelo alirudi mwaka uliofuata, masika yakielekea ukingoni. Hakupita bustanini. Habari niliipata kwa mama yake, alipokuja Tunduma mwenyewe kununua nyuzi, akaja kuketi nami kwenye benchi mbele ya kibanda cha Bibi. Kijana aliibiwa begi lake njiani kabla hajafika mbali, akafanya vibarua, akakamatwa kwa kukosa karatasi, akawekwa ndani, mwisho akarudishwa. Alifika Itumba amekonda, akasalimia, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Hakutoka.

Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilimkatiza. "Umefanya vizuri kumwacha, dada. Mwekee chakula karibu, usimsumbue, atatoka mwenyewe."

Akanitazama jinsi alivyonitazama siku ile kwenye cherehani.

"Ndivyo nilivyofanya," akasema. "Nilikumbuka uliyonifundisha kwa Karani. Nikaweka uji mlangoni, ukapoa. Kesho yake nikaweka mwingine, ukapoa. Nikakaa kushona, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mwisho nikafungua mlango, nikaingia."

"Ukaingia?"

"Nikaingia. Yule si nyoka, dada. Nyoka akijificha anataka aachwe. Watoto wa wenzangu siwajui, lakini wangu alikuwa amekaa kitandani anautazama mlango. Alikuwa ananingoja. Akaniambia, 'Mama, nimerudi mikono mitupu.' Nikamwambia, 'Kwani nilikutuma mzigo?' Basi akaniegemea hapa," akagusa bega lake, "mtu mzima yule, mpaka blauzi ikalowa. Kisha akanywa uji wote, baridi vile vile."

Nilikwenda jikoni nikamletea chai, tukainywa pamoja, huku wageni wakipita mbele yetu wakifunua pazia la Bibi na kulifunika.

Kwa hiyo, vijana, chatu sikuondoka naye, yuko kwenye chungu cha upande wa tanuri. Kuhusu nyoka fuateni niliyoandika, hamtajuta. Kuhusu watu, nendeni mkamuulize Mama Lusekelo. Bado anashona pale Itumba.